Wafumi wa Machujoni na Sheria ya Jina Moja

Nchi ya Machujoni haikuwamo katika ramani iliyotundikwa darasani kwetu, na kwa kuwa mimi niliishia darasa la saba, siwezi kusema iko upande gani wa dunia. Ninachojua ni kwamba nilifika, nikakaa karibu mwaka mzima, nikarudi na viatu vilevile. Wajukuu zangu wakiniuliza nilifikaje, huwaambia waache ya njiani, ya huko yanatosha.

Nitaanza na nyumba, maana huko nyumba ndiyo kila kitu.

Kila nyumba imejengwa juu ya mfereji. Maji ya nchi zote za jirani huja Machujoni yakiwa mazito, yamebeba kila walichokula watu, walichokunywa na walichoficha. Yanaingia kwenye kuta, na kuta zenyewe ni laini kama unga uliokandwa vizuri. Upande wa pili yanatoka meupe, yanaendelea na safari. Hakuna anayewashukuru wenyeji kwa kazi hiyo, wala wao hawangoji shukrani. Ila nyumba za huko zina tabia moja mbaya: hazilalamiki. Paa la kwangu likivuja nitalisikia likidondosha maji kwenye sufuria. Nyumba ya Machujoni inaweza kuharibika miaka thelathini bila kutoa hata mlio, na siku mwenye nyumba anapojua, zimebaki chumba na ukumbi.

Kinachoziharibu ni wadudu waitwao wafumi. Mfumi ni mdogo kuliko yai la chawa. Wengine huingia ukubwani, lakini wengi hurithiwa: mtoto anazaliwa, anapewa nyumba, na wafumi wamo ndani tayari. Mfumi hali ukuta. Anakaa kwenye mtambo wa nyumba, anachukua uzi ambao nyumba ilijiwekea kwa ajili ya kujishona, na kwa uzi huo anafuma mfumi mwingine. Hajui kufuma kitu kingine. Naye hafumi kwa uangalifu. Anajinakili ovyo ovyo, kama nilivyokuwa nikinakili ubaoni huku nikiongea na jirani yangu wa dawati. Kwa hiyo wengi wanatoka hawana mdomo, au miguu imeota mgongoni, wanakufa papo hapo. Mmoja mmoja anatoka na kasoro inayomfaa.

Kila nyumba ina walinzi wake, nao wakiwaona wafumi huwapiga marungu. Rungu likimkosa mfumi linaupata ukuta. Ukuta uliopigwa sana hukakamaa, na ukuta uliokakamaa haupitishi maji. Hivyo ndivyo nyumba inavyokufa.

Siku ya tatu nilipelekwa kwa Msimamizi wa Uzi, Bwana Fungameza, kuandikishwa. Alikuwa mtu nadhifu, koti lake lina vifungo saba na vyote vimefungwa. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti chenye mto.

"Bibi," alisema, "nchi hii ina sheria mia mbili, lakini ukiishika moja umezishika zote. Kitu chenye jina moja ni kitu kimoja."

"Na mapacha?"

"Mapacha wana majina mawili."

"Na wali je? Wa nazi na wa maji?"

"Wali ni wali, Bibi."

"Baba, wewe hupiki," nilimwambia.

Karani aliyekuwa kwenye meza ya pembeni akakohoa. Bwana Fungameza hakukasirika. Aliandika kitabuni kwamba mgeni ana hoja kuhusu wali, akapiga mhuri.

Kutoka kwake, na kutoka kwa watu wengine baadaye, nilikusanya historia ya tiba yao. Zamani walitumia ngoma. Ngoma hazikuwapiga wafumi. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha walinzi waliosinzia. Zilipigwa wiki arobaini na nane mfululizo. Mtaa wa Juu wafumi walipungua katika nyumba nyingi, watu wakacheza. Mtaa wa Bondeni watu waliumwa vichwa, wakapata homa, wakashindwa kula, nywele zikapukutika, na wafumi wakaendelea na kazi yao kama kawaida. Baraza likakaa siku tisa kutafuta sababu. Kwa kuwa wafumi ni jina moja, na ngoma ni jina moja, kosa halikuweza kuwa kwa wafumi wala kwa ngoma. Likaandika: Wakazi wa Bondeni ni viziwi kidogo. Tangu siku hiyo maofisa wote wakizungumza na mtu wa Bondeni hupaza sauti.

Baada ya ngoma ukaja uzi wa kijivu. Huu ulikuwa uzi wa uongo, na nasema hivyo kwa kuusifu. Kwa macho ni uzi kama uzi. Mfumi akiuchukua na kuupachika, uzi unaofuata hauna pa kushika, na kazi inasimama katikati ya mguu wa tatu. Mwenye nyumba anatakiwa auweke kwenye mtambo kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Nchi nzima ilitulia. Sherehe zilifanywa. Kisha, mwaka wa pili, wa tatu, katika baadhi ya nyumba wafumi wakarudi.

Sheria ilikuwa na jibu tayari. Uzi umewafaa wengine, kwa hiyo unafaa. Anayesema haukumfaa ameutupa. Mtu huyo huitwa Mtupa-Uzi. Ukaguzi wa kwanza anachorwa alama ya chokaa mlangoni. Wa pili, alama ya pili, na anavaa kitambaa cha kijivu begani ili majirani wamjue. Wa tatu, anaitwa barazani, mlango wake unapigwa lakiri, mfereji unageuzwa, na yeye anatoka nchini na alichovaa.

Mwanamke niliyepanga kwake alikuwa na alama mbili.

Jina lake Siwatu. Mrefu, umri wa mwanangu wa pili, ulimi wake mkali kama pilipili kichaa. Nyumba ya mama yake ilikuwa mlango wa pili kutoka hapo. Ilikuwa jiwe tupu, juu hadi chini, na mama mwenyewe alishazikwa. Siku ya kwanza Siwatu alinishika mkono akanizungusha nyumbani. Jikoni alibonyeza ukuta kwa kidole gumba, kidole kikaingia, alama ikabaki.

"Hapa pazima," alisema. Chumbani kwake akabonyeza tena. Kidole hakikuingia. "Hapa ni jiwe la kusagia. Utalala huku jikoni, Bibi, kuna hewa."

Kila asubuhi, baada ya chai na kabla ya kufagia, aliniita. Alishika uzi wa kijivu juu, kama mtu anayeonyesha kuku sokoni, akauweka kwenye mtambo.

"Umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

"Naweka mbele yako ili angalau mtu mmoja chini ya jua ajue."

Miezi mitano nilishuhudia. Hakuruka siku. Hata alipokuwa na homa alijikokota. Na wafumi walizidi.

Barua ya baraza ililetwa na tarishi aliyeisoma mlangoni kwa sauti ya kupasua masikio. Siku saba, kisha barazani. Siwatu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Asante, kaka. Sasa kawasomee na marehemu, labda hawakusikia." Akaingia ndani, akakaa chini, akaanza kukunja nguo zake moja moja. Hapo ndipo nilipoona kwamba anaogopa.

Mimi nina kioo cha kukuzia. Nilikinunua macho yalipoanza kunikatalia kutunga sindano. Nilimwomba Siwatu kitambaa cheupe, tukakipangusia kwenye mtambo, tukakitandika dirishani. Kisha nikazunguka mitaa mingine mitatu nikiomba wafumi. Watu walishangaa ajuza anayeomba wadudu kama anayeomba chumvi, lakini walinipa, maana vitu hivyo havina mchoyo.

Chini ya kioo hawakuwa kitu kimoja hata kidogo. Wa Juu alikuwa na milia mgongoni. Wa Magharibi hakuwa na mlia, ila kiuno chembamba. Wa Ng'ambo alikuwa na kichwa kilichochongoka. Wa Bondeni, mtaa wetu, alikuwa mpana, na masikio yake yamefunikwa na ngozi. Koo nne. Kila ukoo ulikuja Machujoni na babu wa mtaa wake, kwa njia yake, na umeishi na watu wake hao miaka na miaka. Nilimwonyesha Siwatu yale masikio.

"Viziwi," alisema polepole. "Kumbe kiziwi alikuwepo kweli. Walikosea tu mwenye ugonjwa."

Lakini hilo halikueleza uzi, maana nyumba nyingine za Bondeni uzi wa kijivu ulikuwa ukizifaa. Tukaweka kwenye kitambaa mfumi wa jirani na mfumi wa Siwatu, ubavu kwa ubavu, na nyuzi mbili, wa kweli na wa kijivu. Ukoo mmoja, mgongo mmoja, masikio yaleyale. Mfumi wa jirani alichukua wowote uliokuwa karibu. Wa Siwatu alikuwa na kidole kimoja kilichopinda kama ndoana. Kasoro ya kunakili, hiyo tu, kidole kimoja. Alinyoosha kidole hicho akaupapasa uzi wa kijivu, kama mimi ninavyopapasa kanga dukani kabla sijaambiwa bei. Akausukuma kando. Akachukua wa kweli.

Tulitazama mara tatu. Mara zote alifanya hivyo.

Siwatu aliweka kioo chini. Kisha akasema, "Kumbe anayetupa uzi ni yeye."

Kesho yake nilikwenda na kitambaa na kioo kwa Bwana Fungameza. Aliniamkia, akanipa kiti chenye mto. Nilipomwomba atazame, aliweka mikono yake nyuma.

"Nikitazama nitaona, Bibi. Nikiona itanibidi niandike. Na kitabu hakina safu ya jambo hilo."

"Chora safu."

"Safu huchorwa na baraza, na baraza huchora safu ya jambo lililokwisha kuandikwa."

Nyuma yake, juu ya kabati, palikuwa na sanduku la uzi wa rangi ya zambarau. Nilimuuliza ni wa nini. Alisema ni zawadi ya nchi ya jirani, umewekwa kwa ajili ya kulinganishwa na ule wa kijivu.

"Mmeshalinganisha?"

"Haiwezekani. Vyote vinaitwa uzi."

Nilimtazama usoni. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Mwanamke yule hajatupa hata kipande," nilisema.

"Inawezekana," alijibu. "Lakini watupaji nao husema hivyohivyo, na sheria inawaita kwa jina moja."

Nilirudi nyumbani. Siwatu alikuwa akimenya viazi. Aliposikia, alicheka kidogo bila furaha, akasema limebaki jambo moja ambalo baraza haliwezi kulikataa, lakini ni mchezo wa kizamani na wazee wameshauharibu. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaweza kusimamisha kesi kwa kitendawili. Wakishindwa mara tatu, wanatoa mji.

"Mji kweli, au wa mdomoni kama kwetu?"

"Mji kweli. Aliyepewa ndiye anayeamua uzi wa mji huo. Ila wamekuwa wajanja, Bibi. Wanatoa miji isiyokuwepo."

Nilimwambia amenye viazi vingi zaidi, kwa sababu nimepata njaa. Kwa vitendawili mimi sijawahi kulala bila mji tangu nikiwa na miaka sita.

Siku ya saba baraza lilikaa, wazee kumi na mmoja, Bwana Fungameza pembeni na kitabu. Siwatu alisimamishwa katikati, kitambaa begani. Mzee wa kwanza alipoanza kusoma shtaka kwa kelele, nilisimama.

"Kitendawili!"

"Tega!" walijibu wote kwa pamoja, kabla hawajafikiri. Nyuso zao ziling'aa. Nadhani hawakuwa wameulizwa miaka mingi.

"Ndugu wanne wana jina moja. Ukimfunga mmoja kamba, watatu wanakimbia."

"Matendegu ya kitanda!" alisema wa kwanza.

"Kitanda chako hukimbia, bwana? Pole na usingizi wako."

Kicheko. "Miguu ya mbuzi!" alipaza mwingine, na mwenzake akamgeukia: "We, ukimfunga mbuzi mguu mmoja, mitatu inakwenda wapi?" Wakabishana habari ya mbuzi kwa muda. Wa tatu akasema misimu ya mwaka, halafu akashindwa kueleza kamba inafungwaje. Zikawa tatu.

Bwana Fungameza hakujaribu. Alikuwa akitazama kalamu yake. Naamini alikuwa na jibu, lakini kulitamka kulihitaji mtu akiri kwanza kwamba jina moja linaweza kubeba wanne.

"Nipeni mji," nilisema.

"Tunakupa Mji wa Mawinguni!"

"Nimeukataa. Sina ngazi."

"Tunakupa Mji wa Chini ya Mto!"

"Nimeukataa. Nimevaa viatu."

"Tunakupa Mji wa Jana!"

"Huko ndiko nilikotoka. Nimeukataa."

Walikuwa wakifurahi sasa, wanagongana mabega. Mzee mmoja mnene aliinua mkono, machozi ya kicheko machoni. "Basi chukua Bondeni, ajuza! Chukua Bondeni nzima! Kesho kutwa tunaipiga lakiri nusu yake!"

"Nimeukubali."

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kama maji ya bomba. Karani alifungua sheria, akaisoma. Ilikuwa hivyohivyo alivyosema Siwatu: mwenye mji ndiye mwenye uzi, mpaka atakapokuja mwingine na kitendawili kisichoteguliwa.

"Na jibu?" aliuliza yule mnene.

"Wafumi."

"Hilo ni jina moja!"

"Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo, baba."

Sanduku la zambarau lililetwa na Bwana Fungameza mwenyewe, nikalitilia saini: uzi, sanduku moja. Siwatu aliuweka asubuhi iliyofuata, baada ya chai, kabla ya kufagia. Tulitazama kwa kioo. Kidole kilichopinda kiliupapasa uzi huo, kikarudi, kikapapasa tena, kisione tofauti. Mfumi akauchukua. Akaishia mguu wa tatu.

Sitaki kusema mambo yasiyokuwepo. Wafumi walipungua mwezi baada ya mwezi hata tukawa tunakipangusia kitambaa kwenye mtambo, kinatoka cheupe. Mwezi wa sita Siwatu aliniita chumbani, akabonyeza ukuta karibu na dirisha. Kidole kiliingia kiasi cha ukucha. Pembe ya pili ilibaki jiwe, na huenda itabaki. Tena, chini ya msingi wa kila nyumba, wafumi huacha kielelezo chao kimekunjwa, kidogo, na hakuna uzi unaofika huko. Akiacha kuuweka, watafumwa upya kutoka hapo. Nilimweleza kwamba kazi hii inaweza isiwe na mwisho.

"Kuweka uzi kila siku?" alisema. "Si ndiyo kazi waliyosema siifanyi?"

Baraza nalo lilikaa. Kwa kura tisa kwa mbili liliamua kwamba uzi wa zambarau ndio uzi, na kwamba wakazi wa Bondeni wamepona uziwi. Kuhusu koo nne liliandika: Wafumi ni kitu kimoja kwa namna mbalimbali. Safu ilichorwa, ila ikaachwa bila kichwa. Sheria ya Watupa-Uzi haikuguswa. Katika mitaa mitatu ambayo si yangu bado inatumika mpaka leo.

Kabla ya kuondoka nilimwachia Siwatu mji wangu na kioo changu. Sindano nitatungiwa na wajukuu.

Mchana wa mwisho tulikuwa jikoni, mimi nafunga mzigo, mlango wa uani ukabishwa. Alikuwa Bwana Fungameza. Hakuvaa koti. Bila vile vifungo saba alionekana mtu wa kawaida, mchovu kidogo. Mkononi alikuwa na leso nyeupe iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, Bibi. Habari za hapa, dada." Alisogeza leso mbele. "Nina jirani yangu. Anaweka uzi kila siku. Mwaka wa tatu huu. Alikuwa hana shida, sasa wamerudi."

"Jirani yako anakaa wapi?" aliuliza Siwatu.

"Kwangu," alisema.

Siwatu alifuta mikono. Ukutani, kwenye msumari, kilikuwa kinaning'inia kile kitambaa cha kijivu, alikuwa hajakitupa. Alikitazama, akamtazama mgeni, nikadhani atakichukua amvalishe. Mimi niliendelea kufunga mzigo. Mji haukuwa wangu tena.

Alivuta kiti, akakipangusa, akamwonyesha akae. Akakunjua leso mezani, mahali penye mwanga, akachukua kioo.

"Kitendawili," alisema.

Bwana Fungameza aliitazama ile leso.

"Tega," alijibu, na hakupaza sauti.